Nimesomea Unesi Marekani Nikiwa Juja

Sijawahi kumdunga mtu sindano. Nikiona damu, kichwa kinazunguka. Lakini kati ya 2019 na 2022, nikiwa kwa keja ya chumba kimoja Juja, niliandika mipango ya kumhudumia mgonjwa wa kisukari, wa presha, wa vidonda vya kulala sana kitandani, yote kwa majina ya wanafunzi wa unesi Marekani. Chuo changu mwenyewe nilikuwa nimekiacha mwaka wa pili. Karo.

Habari zilipotoka, lawama zote zilitua kwetu: Wakenya wezi wa elimu. Sawa, mkono wangu si msafi. Ila wateja walinipa nywila zao, kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa ndani ya darasa. Wacha niseme nilichokiona.

Darasa moja lilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia mbili. Mhadhiri mmoja, wasaidizi wawili, na mmoja wao akapotea katikati ya muhula. Kila wiki kila mwanafunzi aandike maoni yake na kuwajibu wenzake wawili. Piga hesabu: maandishi mia sita kwa wiki. Nani atasoma, bana? Wiki saba mfululizo nilipata jibu lile lile: kazi nzuri, endelea hivyo. Wiki ya nane stima ilipotea, nikakimbizana na saa, nikabandika mgonjwa wa pumu kwenye swali la figo. Kazi nzuri, endelea hivyo. Siku hiyo niliogopa.

Mhadhiri simlaumu. Matangazo yake yalikuwa yanaingia saa nane usiku, saa za kwao. Namlaumu aliyekaa ofisini akaamua darasa hilo linawezekana, kwa sababu karo ya watu mia mbili inaingia na mshahara unaotoka ni wa mtu mmoja.

Utaniambia kuna NCLEX, mtihani wa leseni, utawachuja. Mwaka wa 2023 serikali ya Marekani ilifichua kuwa vyuo vitatu vya Florida viliuza diploma bandia zaidi ya 7,600. Karibu 2,400 ya walionunua walikuwa wamepita NCLEX hiyo hiyo. Mtihani wa kompyuta hauwezi kuziba pengo la mwalimu ambaye hakuajiriwa.

Na hapa ndipo damu hunichemka. Mwaka wa 2021, tukipeleka wauguzi Uingereza, waziri Mutahi Kagwe alisema kati ya 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliopita. Tukawacheka. Watu waliowahi kushika wodi nzima usiku peke yao! Kiingereza chao kilipimwa hadi nukta. Changu kilivuka bahari kila wiki na hakuna aliyekisoma.

Mteja mmoja alinitumia picha ya mahafali, joho na maua. Sasa yuko wodi ya wagonjwa mahututi. Bado namdai dola 40.