Kinyozi wa Chewa Aachwe Baharini

Jirani yangu hapa Buruburu, mwalimu wa sayansi katika shule ya upili, ana tangi la maji ya chumvi sebuleni. Juzi alinionyesha samaki wawili wasiozidi sentimita tano, weusi, wenye mstari wa buluu unaong'aa tangu puani hadi mkiani. Hao ni gobi wasafishaji, asili yao Florida na bahari za jirani. Walikuwa wamemkwea samaki mkubwa kuliko wao, wakimdonoa vimelea ubavuni, naye ametulia tuli kama mteja mbele ya kinyozi.

Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwahimiza wanafunzi watumie cha kwao kabla ya kukopa cha wageni, nilimkemea. Kwa nini kuagiza gobi wa Marekani ilhali Bahari ya Hindi ina msafishaji wake, yule aitwaye Labroides dimidiatus kitaalamu, ambaye wazamiaji wa pwani yetu wamekuwa wakimkusanya na kumuuza kwa miongo kadhaa?

Mwalimu akacheka. Alikwisha kumnunua huyo wa kwetu kwa muuzaji mmoja jijini, naye akafa kabla ya mwezi kwisha. Sababu haikuwa uchawi. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba samaki mmoja wa aina hiyo hula vimelea vipatavyo 1,200 kwa siku. Tangi lenye samaki sita au saba litampa wapi riziki hiyo? Gobi hana makuu: akikosa vimelea hula uduvi uliokatwakatwa pamoja na wenziwe.

Tena, na hili ndilo lililonifunga kinywa, gobi hutaga na kuangua humo humo tangini. Wafugaji walianza kumzalisha kwa biashara tangu miaka ya 1970, kwa hiyo mtu aweza kumpata ambaye hakutolewa katika mwamba wowote. Wa kwetu aghalabu hutolewa baharini, na wateja wake hubaki. Huko huko Australia wataalamu waliwaondoa wasafishaji katika miamba kadhaa midogo kwa zaidi ya miaka minane. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa samaki wengine walipungua, kwa idadi na kwa aina. Sioni kwa nini chewa wa Shimoni aepukane na balaa hilo, wala mvuvi anayemtegemea.

Basi, walimu na wanafunzi wa Umoja, Donholm na Kayole mnaotamani kufuga, mnunueni gobi aliyezaliwa tangini na mwacheni kinyozi wa chewa kazini kwake. Sisemi kwamba ni kazi rahisi. Kila lita ya maji yataka chumvi gramu 35 hivi, nayo mifereji ya mitaa yetu mwaijua. Julai ya Nairobi yataka kipasha maji, na umeme ukikatika pampu husimama, samaki wakaanza kutweta. Mwalimu ameweka nyingine ya betri. Na mkichoka naye, msimpeleke Mombasa kumwachilia. Samaki simba, ambaye asili yake ni huku kwetu na Pasifiki, alionekana Florida mwaka 1985, na hadi leo Waamerika wanahangaika kumpunguza.

Limebaki jina. "Samaki msafishaji" lanuka meza ya mfasiri, nami sikulipenda tangu mwanzo. Nilipendekeza kinyozi, nikitaraji mjadala mrefu wa istilahi. Haukuwapo. Watoto wa mwalimu walilichukua siku hiyo hiyo, na yule mdogo, kabla ya kwenda shule, huenda kuinamia kioo na kuuliza kama kinyozi amekwisha fungua.