Bidhaa Ina Umri Wake, na Kila Umri Una Mfuko Wake

Nchi hii ina Masaki mbili. Moja ni ile ya Dar es Salaam, ya maghorofa na migahawa inayotazama bahari. Nyingine iko Kisarawe, mkoani Pwani, kwenye nchi ya mihogo, mikorosho na minazi. Mtu akinunua shamba upande huo wa pili, stori inayofuata naijua: "Tulime, tusindike, tuje kuuza mjini." Wazo zuri, sikatai. Ila nikiwauliza wenye wazo pesa itaanza lini kuingia nyumbani, mke anasema miezi mitatu, mume anasema mwaka. Ugomvi umeshazaliwa, bidhaa bado!

Tuliosoma mambo ya mawasiliano na masoko tulikaririshwa kwamba bidhaa ina maisha kama mtu: inatungwa mimba, inazaliwa, inakua, inakomaa, inazeeka. Wengi wanaishia kwenye kukariri. Mimi nasema kila umri una mfuko wake. Kuna umri unaokula na kuna umri unaolisha. Wawili wasipojua wako kwenye umri upi, watalaumiana bure.

Tuseme mmeamua kutengeneza krispi za muhogo kutoka hiyo Masaki ya Kisarawe.

Mimba
Muhogo ukishachimbwa huanza kuharibika ndani ya siku 2 au 3. Kwa hiyo krispi zina mantiki: badala ya kukimbizana na muda, unauza kitu kinachokaa. Lakini usikimbilie kununua mashine. Anza na jiko la nyumbani na muhogo mtamu, na uwauzie watu wasiokujua. Shangazi na wafanyakazi wenzako watakusifia tu. Jibu la kweli analo yule asiyekujua anayerudi kununua mara ya pili.

Hata wakubwa walianza hivyo. M-Pesa unayoitumia kila siku ilianza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo likiwa watu warudishe mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye bidhaa hawakubishana nao, waliigeuza. Ilipoingia sokoni Machi 2007, ujumbe ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Mteja ndiye aliyewaambia wanauza nini.

Umri huu unakula tu. Kaeni mkubaliane kiasi ambacho kikipotea chote, kodi ya nyumba na ada ya mtoto havitaguswa. Na tafadhali, asiwepo wa kuacha kazi.

Kuzaliwa
Sasa bidhaa ina jina na pakiti. Jina mnalisajili BRELA. SIDO, ambayo ipo tangu 1973, inatoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, na barua yake ya utambulisho inawasaidia wajasiriamali wadogo wanapokwenda TBS kutafuta alama ya ubora. Msiikwepe hatua hii, maana bila alama hiyo maduka makubwa ya ile Masaki nyingine hayatawasikiliza.

Mauzo ya mwanzo huwa ya kusuasua, na hapa ndipo mmoja anaanza kumtazama mwenzake kwa jicho la "si nilikwambia?" Kumbukeni kwamba Vodacom walipoileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, miezi 14 ya kwanza watumiaji hawakufika laki 3. Kenya, kwa muda huo huo, walikuwa wamekaribia milioni 3. Bidhaa ile ile, jina lile lile! Soko la kwetu lilihitaji mawakala zaidi, maelezo zaidi na subira zaidi. Mtoto kuchelewa kutembea si lazima awe mlemavu.

Kukua
Huu ndio umri unaovunja watu, na wengi hawautegemei. Oda zinamiminika, majirani wanawaita matajiri, nyumbani hakuna hata hela ya gesi. Kwa nini? Duka kubwa linachukua mzigo leo na kulipa baadaye, wakati mkulima, mafuta ya kupikia, pakiti na usafiri vinataka pesa taslimu leo. Mkiuza mara mbili zaidi, mnahitaji karibu mara mbili ya pesa ya kuzungusha. Mke anaona mauzo kwenye daftari na kuuliza pesa iko wapi. Mume anajitetea kama mtuhumiwa. Sio siri, hapa hata asiye na nyumba ndogo anasingiziwa!

Dawa ni kutenganisha akaunti ya biashara na ya nyumbani, na daftari liwe mezani wote walione. Halafu pimeni oda kabla ya kuikubali. Mna haki ya kumwambia mteja mkubwa kwamba mtaleta nusu.

Kukomaa
Mauzo yametulia, mashine imeshalipwa, pesa sasa inaonekana. Huu ndio umri unaolisha. Hapo ndipo watu wanapobweteka, wanabadilisha gari na kusahau kwamba jirani naye anajua kukaanga muhogo. M-Pesa nayo ilipata washindani, kuanzia Tigo Pesa hadi Airtel Money. Mwaka 2014 Vodacom na benki ya CBA walileta M-Pawa, huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu ile ile. Ninyi mnaweza kuleta ladha ya pilipili, pakiti ndogo ya mtoto wa shule, au unga wa muhogo. Sehemu ya faida ya leo ni mimba ya bidhaa ya kesho. Ipangieni fungu kabla hamjaitamani.

Kuzeeka
Kaseti za Bongo Fleva zilikuwa kwenye kila daladala. Leo mtoto akiiona kaseti anauliza ni nini. Wakati mwingine hata uzee hausubiriwi: pombe za viroba zilikuwa zikiuzika sana, serikali ikazipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Bidhaa ikizeeka, usiipe pesa ya matangazo kwa sababu ya mapenzi. Chuma kilichobaki, punguza gharama, iage kwa heshima.

Kazi ya mwezi huu ni hii. Kila mmoja achukue karatasi yake bila kuchungulia ya mwenzake, aandike bidhaa yenu iko umri gani, inakula shilingi ngapi kwa mwezi, na lini italisha. Kisha zilinganisheni. Majibu yakipishana, msinunue mashine mwezi huu. Malizeni kwanza hayo mazungumzo, maana mashine inaweza kuuzwa tena, ndoa haina mnada.