Mkono Uhame, Mguu Usihame

Huenda, ndugu msomaji, nyumbani kwako yumo kijana aliyeshika gitaa la umeme na kuupenda muziki mzito uitwao metali. Hurudia kipande kile kile saa nzima, na kila unapodhani umeushika mwendo wake, mkazo unarukia pengine. Usiharakishe kusema kwamba amepotea. Juma hili tuitazame kazi hiyo, kwani ina hesabu na nidhamu kuliko inavyodhaniwa.

Asili ya muziki huo haiko mbali na maisha ya mfanyakazi. Tony Iommi, kijana wa Birmingham, Uingereza, alikuwa na umri wa miaka 17 mashine ya kiwanda cha mabati ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa hupiga kwa mkono wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa vikibana nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza. Sauti ikashuka na kuwa nzito. Mwaka 1970 bendi yake ya Black Sabbath ilitoa santuri yake ya kwanza.

Katika muziki wa namna hii, gitaa la ridhimu halikai nyuma kumsindikiza mpiga solo. Ndilo linalobeba wimbo. Kiganja cha mkono wa kupigia hulazwa kidogo juu ya nyuzi, karibu na daraja, ili mlio uwe mfupi na wa kufifia. Kiganja kikiinuliwa, mlio hupasuka. Mpasuko huo ndio mkazo, na ufundi ni kujua uangukie wapi.

Ziko njia mbili za kumshtua msikilizaji, nazo zisichanganywe. Ya kwanza ni kubadili hesabu yenyewe: badala ya mapigo manane mafupi, bendi nzima huhesabu saba, yaani moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Ya pili ni kuiacha hesabu ya nne ilivyo na kuhamisha mkazo. Chukua kipande cha mapigo matatu, ukirudie juu ya hesabu ya nne. Mara ya kwanza kitaanza kwenye moja, kisha kwenye nne, kisha tatu, kisha mbili. Baada ya mapigo 12 kitarejea kwenye moja. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Bendi ya Meshuggah, iliyoanzishwa mwaka 1987 mjini Umeå, Uswidi, imeifikisha mbali njia hii ya pili. Magitaa hurudia vipande virefu visivyogawanyika kwa nne, na mara nyingi kipande cha mwisho hukatwa ili wote wafike pamoja. Wakati huo huo mpiga dramu, Tomas Haake, hushika nne kwa mkono kwenye matoazi, huku miguu yake ikifuata magitaa. Asikilizaye gitaa peke yake hupotea. Asikilizaye toazi huiona njia.

Basi kijana anayejifunza na aanze bila gitaa: mguu uhesabu nne sakafuni, mikono ipige kofi moja kila baada ya mapigo matatu. Mguu ukianza kuufuata mkono, asimame na kuanza upya, polepole zaidi. Akisha kuweza, ndipo ashike gitaa, na kasi iongezwe kidogo kidogo. Kifundo cha mkono kikiuma, apumzike. Maumivu si cheti cha bidii.

Nawe mzazi, mpangie saa za mazoezi, kwani majirani nao wana haki ya kulala. Lakini kumnyang'anya gitaa kwa kudhani anapoteza wakati ni kumnyima subira ambayo hata kazini itamfaa. Kabla ya kumkatiza, gonga meza kwa hesabu ya nne, usikilize kama atarejea kwenye moja pamoja nawe. Akirejea, ujue hakukosea. Hadi Jumapili ijayo.