Ukweni, na Mlango wa Hekalu

Wahenga wetu wa Pwani walituachia methali isemayo: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tumeitumia miaka na dahari bila ya kuuliza huyo Baniani ubaya wake ni upi. Tumekaa naye Mombasa ukuta kwa ukuta, tumekopa dukani kwake, na kengele za hekalu lake twazisikia. Lakini ndani mna nini, na sisi tukialikwa tufanyeje, hatufunzani.

Mara nyingi jambo hili humkuta mtu safarini, aendapo ukweni. Mimi mke wangu ni mtu wa Homa Bay, na nduguze wengine wako Migori. Huko nako Mhindi si mgeni. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wafanyabiashara wa Kihindi walienea pembezoni mwa Ziwa, wakafungua maduka yao ya nguo, chumvi na sukari. Baba mkwe wangu, mzee Msabato, alikuwa karani katika duka mojawapo ujanani mwake, na wema aliotendewa hajausahau.

Safari moja tulipitia Kisumu naye kuijulia hali jamaa ya tajiri wake huyo wa zamani. Ilikuwa Diwali, nao wakatualika tukalione hekalu lao. Kijana mmoja wetu tuliyetoka naye Mombasa akasimama langoni, akavuta uso, akatamka maneno ya kuyatukana masanamu, na wenyeji wakayasikia. Mimi niliingia. Nilivua viatu kama nivuavyo msikitini, nikatazama, sikuinama wala sikuomba. Vitamtamu vilivyokuwa vimewekwa mbele ya masanamu nilivikataa kwa shukrani, na hakuna aliyekasirika.

Baba mkwe hakusema neno mpaka tulipofika Homa Bay. Ndipo akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, huko kwenu ndivyo mnavyofunzwa?"

La hasha! Chuoni hatukufunzwa hivyo. Ndugu msomaji, kuingia hekaluni ni jambo ambalo wanavyuoni wamehitilafiana: wako walioharimisha, wako waliochukia tu, na wako walioruhusu. Kwa hiyo kijana yule kubaki nje ilikuwa haki yake, wala simlaumu kwa hilo. Lakini kutukana hakuna hitilafu. Sura ya Al-An'aam, aya ya 108, imetukataza kuwatusi wale waombwao badala ya Mwenyezi Mungu, wasije wenyewe nao wakamtusi Mwenyezi Mungu kwa ujinga.

Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar alipokuwa kanisani Baitul Muqaddas na wakati wa sala ukaingia, alitoka akasali nje, ili Waislamu wa baadaye wasije wakawanyang'anya Wakristo kanisa lao. Alijiepusha, na papo hapo akailinda heshima ya wenyewe. Naye mwanachuoni Al-Biruni, kabla ya kuandika kitabu chake juu ya Bara Hindi mnamo mwaka 1030, alijifunza Kisanskriti na kukaa na wajuzi wa Kihindu. Aliandika itikadi zao kama wazisemavyo wenyewe, na Uislamu wake haukupungua.

Basi wewe uendaye ukweni, liamue jambo hili kabla ya safari. Ukiona moyo wako hauridhiki kuingia, mwambie mkweo mapema na kwa adabu, naye atakutolea udhuru kwa wenyeji. Ukiingia, ingia kama mgeni: tazama, uliza, shukuru, na yasiyokuhusu yaache.

Mkwe Msabato wa Homa Bay hana vitabu vyetu vya fikihi mkononi. Dini yetu ataisoma katika maneno yetu, na baada ya sisi kurejea Mombasa, yeye ndiye atakayebaki na wale tuliowatukana.