Panya Hasuki Rasta! Mastaa, Acheni Kuwauzia Madada wa Masasi na Newala Matumaini ya Kwenye Chupa

Msimu wa korosho ukifika, Oktoba hivi, hela ikianza kuingia kwenye simu, kuna mastaa wa Dar ghafla wanakumbuka kuwa Masasi na Newala zipo. Matangazo kibao: chupa ya mafuta, picha ya kabla na baada, na siku hizi wameongeza manjonjo, eti "utafiti wa panya umethibitisha". Dada wa Newala anatuma hela, mzigo unapakiwa kwenye basi, anapaka mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nywele za mbele hazirudi ng'o.

Utafiti wa panya upo kweli. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliwapa dawa panya wenye alopesia areata, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia vishina vya nywele. Manyoya yakarudi. Wakawajaribu wagonjwa watatu, nao wakaota nywele. Juni 2022 Marekani ikaidhinisha baricitinib, dawa ya jamii hiyo hiyo, kwa watu wazima wenye ugonjwa huo ukiwa mkali. Ila hivyo ni vidonge vya daktari, vinavyopunguza kinga ya mwili. Siyo mafuta ya kwenye DM!

Na huyo dada wa Newala wala haumwi ugonjwa huo. Nywele zake zimekatika kwa rasta za kukazwa mpaka macho yanavutika, wivingi juu ya dawa, na gundi ya wigi. Panya wa maabara hasuki, hawekwi dawa, hana harusi ya Jumamosi. Majibu yake hayamhusu.

Watetezi watasema mastaa wanatafuta riziki, wenye kelele wana wivu. Sawa, riziki. Lakini hapa kinachoibwa siyo hela tu, ni muda. Nywele zilizokatika kwa kuvutwa zikiwahiwa, mtu akaacha kukaza, mara nyingi zinarudi. Akiendelea kwa miaka, kishina kinakufa, linabaki kovu, na hakuna mafuta yanayootesha nywele kwenye kovu. Kila mwezi wa "vumilia dear, inafanya kazi taratibu" ni mwezi unaomsogeza huko. Wengine wanampaka mpaka mtoto mwenye mapunye, wakati mapunye ni fangasi na yanatibika kwa dawa ya kumeza hospitalini.

Halafu swali dogo: kama mafuta yanaotesha hivyo, mbona muuzaji mwenyewe kila posti yuko na wigi?

Mafuta ya kulainisha nywele uzeni, hakuna ugomvi. Vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019. Ila ukishasema "inatibu", hiyo ni dawa, na dawa ni mambo ya TMDA. Onyesheni usajili, au futeni hilo neno.

Na madada, nywele zikianza kurudi nyuma, hospitali zipo: Mkomaindo pale Masasi, Ndanda, na ya wilaya hapo Newala. Kabla ya hapo kuna tiba moja haina nauli wala cha kutuma kwa simu: kumwambia msusi "dada, usikaze".

Wadau wa Kusini, mmeshapigwa chupa ngapi mpaka sasa?