Trafiki wanawinda noti, bodaboda tunapasuka vichwa

KAMA unataka kujua trafiki wamesimama wapi asubuhi pale Manzese, huna haja ya kumuuliza mtu. Tazama viwiko vya madereva wa bodaboda. Ukiona kofia ngumu imening'inia kwenye kiwiko kama kikapu cha mama anayetoka sokoni, ujue njia ni nyeupe. Ukiiona kichwani, basi mbele kuna nguo nyeupe. Anayetoka huko anawasha taa mara mbili, anayekwenda anaelewa somo, anavaa. Akishawapita mita mia moja anaivua, inarudi kiwikoni, na safari inaendelea.

Mchezo huo mwandishi wa makala haya ameucheza. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakaja kama yalivyokuja, kabla kalamu haijaanza kunipa hata nauli, nilikuwa deiwaka kwenye kijiwe kimoja kando ya Barabara ya Morogoro. Deiwaka, kwa asiyefahamu, ni yule anayeshika pikipiki ya mwenzake wakati mwenyewe amekwenda kula, kulala au msibani. Kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Nayaandika sasa kwa sababu mwezi uliopita kijiwe kile kimezika. Marehemu alikuwa na kofia. Naam, alikuwa nayo kichwani, maana ilikuwa saa za trafiki. Ila mkanda wa kidevuni ulikuwa umekatika siku nyingi, na katika siku zote hizo hakuna askari aliyewahi kumuuliza habari za mkanda. Alipojipiga kwenye ubavu wa gari, kofia ilitangulia kuruka, na kichwa kikafika kwenye lami peke yake. Kofia iliokotwa haina hata mkwaruzo.

Ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Sisemi kwamba amekufa kwa sababu ya polisi. Alikuwa anakimbia, na vijana wa kijiweni wenyewe wanakiri kwamba alikuwa anakimbia. Ninachosema ni kwamba kwa miaka mingi tumefundishwa kuvaa kofia kwa ajili ya macho ya askari. Haki ya kichwa haimo kabisa katika somo hilo, na mwanafunzi wa somo la namna hiyo hana sababu ya kufunga mkanda.

Sheria ya Usalama Barabarani tunayoshitakiwa kwayo ni ya mwaka 1973. Enzi hizo pikipiki mjini ilikuwa chombo cha tarishi, padri na bwana shamba. Hakuna aliyeota kwamba siku moja kijana atasimama kwenye kona ya mtaa na kuita abiria. Biashara ilipokwisha kushika mji, ndipo zikaja kanuni za mwaka 2010 zilizoitambua pikipiki na bajaji kuwa vyombo vya kubebea abiria kwa malipo. Msimamizi wakati huo alikuwa SUMATRA. Tangu mwaka 2019 ni LATRA. Kanuni hizo zinataka abiria awe mmoja, siyo mshikaki. Zinataka kofia mbili, ya dereva na ya abiria. Mtoto wa chini ya miaka tisa asipakiwe. Ukizisoma huoni ubaya wowote. Ubaya unauona saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pale bodaboda mmoja anapopita na watoto watatu wa chekechea, mmoja kakalia tangi, na wanampungia mkono askari, naye askari, kwa kuwa ni binadamu na anapenda watoto, anawapungia pia.

Sasa tuingie kwenye faini, maana hapo ndipo penye utamu. Mpaka katikati ya mwaka 2021, faini ya kosa moja la pikipiki ilikuwa Sh. 30,000, sawasawa na ya lori. Bajeti ya mwaka huo ikaishusha hadi Sh. 10,000 kwa pikipiki na bajaji. Tulishangilia, na haki isemwe hata kama aliyetenda hatumpendi: lilikuwa jambo jema. Kumtoza mtu Sh. 30,000 wakati kutwa nzima hajaingiza hata nusu yake ni kumfukuza barabarani.

Lakini hesabu ya kwenye karatasi ni nyingine, na ya pembeni mwa barabara ni nyingine kabisa. Siku moja nilisimamishwa na abiria wangu hana kofia. Kosa lilikuwa langu, na moja linatosha. Yule bwana akaizunguka pikipiki kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Kofia ya abiria, moja hiyo. Kioo cha upande kimekatika, mbili. Bima iko wapi? Imeachwa kwa mwenye pikipiki, tatu. Leseni ya usafirishaji? Nne. Tayari ni Sh. 40,000, na mimi ni deiwaka ambaye mfukoni nina Sh. 6,500 zikiwamo za mafuta. Akanitazama kwa huruma ya baba mzazi, akauliza: "Sasa kijana, tunafanyaje?"

Kila aliyewahi kushika usukani katika nchi hii anaijua tafsiri ya swali hilo. Nilitoa Sh. 5,000. Nakiri hapa mbele ya wasomaji kwamba nilitoa, na kisheria mtoaji na mpokeaji wote ni wakosaji. Lakini jambo linalonikera mpaka leo siyo ile noti. Ni kwamba alipokwisha kuipokea hakuniambia nimshushe abiria. Hakuniambia nikaazime kofia kijiwe cha jirani. Aliniambia, "Nenda, uwe mwangalifu." Na yule abiria, ambaye dakika tano nyuma kichwa chake wazi kilikuwa kosa kubwa dhidi ya Jamhuri, akaondoka na kichwa hicho hicho wazi mpaka Ubungo.

Hivi kweli huo ni usalama barabarani?

Hata pale askari anapokuwa mwaminifu, na wapo, tena wanaosimama juani kutwa nzima kwa mshahara ambao wakubwa wao hawawezi kuutaja bila kuona aibu, mambo ni yale yale. Anakuandikia, unapata namba ya kulipia, unaondoka kama ulivyokuja. Serikali imepata chake. Kichwa hakijapata kitu. Na ukionekana mkaidi, pikipiki inakwenda kulala kituoni. Pita nyuma ya vituo vingi vya polisi uone zilivyolundikana, nyingine majani yameota katikati ya spoku. Ya mwizi ni sawa, ya jambazi ni sawa. Lakini ya kijana aliyekosa kofia inalala kule wiki nzima kwa faida ya nani? Kila siku inayolala, hesabu ya tajiri haijalala.

Nilirudi kijiweni baada ya mazishi nikawauliza wenzangu kwa nini hawavai. Sikupata jibu moja. Mmoja alisema joto. Mwingine akasema hasikii honi. Wa tatu, mtu mzima kidogo, mwenye watoto wanne, ndiye aliyenishika: "Mwandishi, wewe unaniambia habari ya kofia, mimi kichwa kimejaa hesabu. Kila siku buku kumi za tajiri. Nikilala na malaria, buku kumi. Mvua ikinyesha kutwa, buku kumi. Nikimaliza mwaka pikipiki ni yangu. Sasa niambie hiyo kofia nzuri unayoisema ya bei mbaya nainunua siku gani?"

Nikapiga hesabu. Sh. 10,000 kwa siku 365 ni Sh. 3,650,000. Katika fedha yote hiyo, mkataba wake hauna mstari hata mmoja unaomtaka tajiri atoe kofia, achilia mbali mbili. Tajiri anatoa pikipiki, anatoa daftari la kusaini, basi. Yakitokea ya kutokea, anadai chuma chake. Wengine kati ya matajiri hawa ni watumishi wa serikali hii hii inayotukimbiza, na pikipiki ya mkubwa utaijua kwa namna inavyosimamishwa na kuachiwa papo hapo, kwa simu moja.

Na kofia zenyewe? Kuna zile za bei ya kutupa, plastiki tupu. Ukiigonga kwa kidole inalia kama ndoo ya kuogea. Ndani kuna sponji jembamba lisilofaa hata kusuguliwa sufuria. Hizo hazikuota Manzese. Zimeshuka bandarini, zimelipiwa ushuru, zimepangwa kwenye maduka ya Kariakoo mchana kweupe. Nchi inalo Shirika la Viwango, TBS, lenye kazi ya kuzuia bidhaa mbovu zisiingie. Sijawahi kuona trafiki amesimama mlangoni mwa duka akimwambia mwenye duka: "Hizi ni makosa mia mbili, tunafanyaje?" Mwenye duka ana wakili. Sisi tuna deiwaka.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwa miaka mingi kwamba kofia iliyo bora na iliyovaliwa inavyopasa inapunguza hatari ya kufa kwa mpanda pikipiki kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ninarudia kwa ajili ya kijana anayesoma gazeti hili huku kalalia tangi: iliyo bora, na iliyovaliwa. Ya kiwikoni inakinga kiwiko. Kama huamini, nenda MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, saa ya kuona wagonjwa. Simama tu getini utazame umri wa wanaotoka na magongo, na umri wa wanaosukumwa kwenye viti huku mama zao wanawafuta mate.

Abiria nao tusiwasahau, hasa akina dada. Dada ametoka kusuka kwa Sh. 40,000, halafu umwekee kichwani kofia iliyonyonya jasho la watu thelathini tangu asubuhi, yenye harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Hawezi kukubali, na mimi nisingekubali. Lakini jawabu lipo, ni kofia safi na kitambaa cha kuvaa ndani yake, na kijiwe chenye watu ishirini kinaweza kujipangia zamu ya kufua. Kwa wenzetu wa Kigali, abiria kupanda pikipiki bila kofia ni jambo la kushangaza watu. Nao wana nywele, nao wana jasho.

Halafu huja msimu wa uchaguzi. Ndipo utakapojua kwamba sheria ya kofia ngumu ina likizo. Mgombea anaingia mjini, pikipiki mia zimetangulia, kila moja na lita zake mbili za mafuta za kugawiwa, vijana wawili watatu juu yake, wengine wamesimama, bendera mkono mmoja, honi mkono mwingine. Kofia zilizopo ni za kitambaa, zenye picha ya mheshimiwa. Na trafiki? Wapo, tena wengi. Wanazuia magari mengine ili msafara upite. Siku ile mshikaki si kosa, ni mapokezi. Kesho yake asubuhi kijana yule yule, kwenye barabara ile ile, anaandikiwa.

Na sisi wa upinzani tusijifanye malaika. Misafara yetu nayo imejaa vichwa wazi, na viongozi wetu hupunga mikono wakiwa juu ya magari, wakifurahia kelele za pikipiki. Mwanasiasa wa chama chochote anayempa kijana mafuta ya kumshangilia bila kumuuliza kofia iko wapi amekwisha kujua thamani ya kura ya kijana huyo. Ya kichwa chake hajaijali.

Mimi nadhani pa kuanzia ni kwa tajiri. Mkataba wa pikipiki ya abiria usiwe halali mpaka uwe na kofia mbili zenye alama ya ubora, na bodaboda akikamatwa hana, faini imfuate mwenye pikipiki kwa namba ya usajili. Mtaona kofia zitakavyopatikana ndani ya wiki moja. Askari akimkamata mtu hana kofia, safari iishie pale pale: abiria ashuke, dereva atafute kofia, ndipo aondoke, faini iwe juu ya hayo. Hapo hata mla rushwa atapata taabu, kwa kuwa abiria aliyeshushwa ana mdomo. Na mkanda wa kidevuni ukaguliwe. Ni kazi ya sekunde mbili, unaingiza kidole tu.

Na vijiweni nako kuna kazi ambayo hatuwezi kumsukumia waziri. Tuna viongozi, tuna daftari, tunachangishana kwa misiba bila kuchelewa. Kijiwe chetu kilichanga kwa ajili ya sanda, usafiri na chakula cha matanga kwa muda wa saa tatu. Kabla ya hapo hakikuwahi kuchanga hata siku moja kwa ajili ya kofia. Nilipolisema hilo siku ile ya matanga, wengine walikasirika, wakaniambia nimesahau nilikotoka. Mwenyekiti alinyamaza, kisha akasema italetwa kwenye kikao cha Jumamosi. Jumamosi hiyo mvua ilinyesha, watu wakawa na wateja, kikao hakikufanyika.

Pikipiki ya marehemu bado iko kituoni. Tajiri ameifuata mara mbili, na mara zote mbili ameulizwa kama ana chochote cha kuwaachia vijana. Nyumbani kwa marehemu amekwenda mara moja, kuulizia daftari. Miezi iliyobaki kwenye mkataba ni miwili na siku kadhaa. Mdogo wake marehemu, ambaye mwaka huu alikuwa aingie kidato cha tatu, ameniuliza kama ninaweza kumfundisha kuendesha.