Kinjeketile wa Jukwaani na Kinjeketile wa Ngarambe

Wapo maofisini na mashuleni watu wanaojisifu kwamba hawasomi riwaya wala tamthilia za kihistoria. Kwao, vitabu hivyo ni uzushi mtupu: mtunzi humchukua shujaa aliyeishi kweli, humtia kinywani maneno ambayo hakuyasema, kisha hujidai kulifumbua fumbo lililowashinda wanahistoria. Mtu mzima mwenye dhamana, wanasema, asome taarifa na kumbukumbu. Hoja hii ina sura ya busara, lakini mzizi wake ni kasumba.

Mfano ulio wazi ni Kinjeketile Ngwale. Mwaka 1968 wazee wa kusini waliwasimulia watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam jinsi mganga huyo wa Ngarambe alivyochukuliwa na mzimu hadi ndani ya maji, akaibuka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, wananchi waling'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjeketile alinyongwa. Vita viliendelea hadi 1907, na waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mashamba na maghala, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Lakini je, Kinjeketile mwenyewe aliyaamini maji yake? Hakuacha waraka hata mmoja. Hilo ndilo fumbo.

Nani basi alitangulia kulijaza pengo hilo? Si mtunzi wa tamthilia. Ni Gavana von Götzen, aliyeitawala koloni wakati wa vita na kuchapisha kitabu chake juu ya vita hivyo mwaka 1909. Kitabu hicho kina cheo cha mwandishi, tarehe na majina ya maofisa. Kina kila pambo la ukweli. Lakini lawama kubwa inawaangukia waganga na ushirikina wao, na kiboko cha msimamizi wa shamba la pamba kinafichwa nyuma ya hirizi. Anayejigamba kwamba husoma taarifa tu na ajiulize taarifa hizo ziliandikwa na mkono wa nani.

Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia yake *Kinjeketile* mwaka 1969, alithubutu kuingia mahali ambapo jalada la serikali haliwezi kufika, yaani ndani ya moyo wa mtu. Alimchora kiongozi mwenye shaka, ambaye neno alilolitoa limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye. Anatakiwa akiwa kifungoni ayakane maji, naye anakataa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tena Hussein alitamka waziwazi katika utangulizi wake kwamba huyo ni Kinjeketile wa kubuni, si nakala ya yule aliyeishi. Uungwana huo gavana hakuwa nao.

Hata hivyo lipo kosa la pili, nalo ni la walimu. Mwalimu mvivu huifundisha tamthilia kana kwamba ndiyo historia yenyewe. Mwanafunzi wake huondoka akiamini kwamba Kinjeketile aliishi kuyashuhudia maangamizi ya wapiganaji mbele ya bunduki za mzinga, ilhali ngome ya Mahenge ilishambuliwa tarehe 30 Agosti 1905, yeye akiwa amekwisha nyongwa. Hivyo mtu wa Ngarambe, aliyekwisha nyang'anywa uhai na mkoloni, hunyang'anywa na darasa hata kifo chake.

Wala si kila mtunzi anayestahili kuaminiwa. *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotoka 1934, kinachanganya historia na masimulizi kwa Kiswahili kitamu, na ndani yake Mwingereza ni mkombozi. Msomaji alimshukuru mkombozi huyo huku akimlipa kodi na kutawaliwa naye. Asiyejifunza kuisoma hadithi ya kihistoria kwa macho makavu atajikingaje na utamu wa namna hiyo?

Dawa si kuvifungia vitabu hivi kabatini. Dawa ni kuvisoma sambamba na kumbukumbu. Mwalimu na aiweke tamthilia kando ya ushahidi wa wazee wa 1968, awatake wanafunzi waoneshe ushahidi unaishia wapi, ubunifu unaanzia wapi, na kilichoongezwa kinamfaa nani. Mtumishi wa umma na ajizoeze maswali hayohayo, kwani ndiyo yatakayomfaa kila aletewapo mezani ripoti iliyopambwa tarakimu na mihuri. Aliyemzoea Kinjeketile wa jukwaani, akijua kuwa ni wa kubuni, si rahisi kudanganywa na von Götzen.